Toleo jipya la santuri si akiba

SAHANI za santuri zenye muziki wa filamu za miaka ya 60 zimerudi sokoni, na safari hii hazikurudi kama mtumba. Zinachapwa upya Ulaya, Marekani na India, zinavikwa jalada jipya linalong'aa, na huuzwa ghali kuliko CD yenye muziki ule ule. Pamoja nazo imerudi kauli ambayo kila mfanyabiashara amepata kuisikia kuhusu bidhaa moja au nyingine: nunua sasa, weka, kesho itakuwa mali.

Kauli hiyo ina ukweli nusu. Nusu ya pili ndiyo inayokula mitaji ya watu.

Mkulima wa Vidunda anayeteremsha mazao yake kutoka mlimani hadi soko la Kidodi hahitaji kuelezwa habari hii kwa maneno mengi. Anajua kwamba gunia la mahindi la mwezi wa mavuno si sawa na gunia la mwezi wa njaa, ingawa mahindi ni yale yale. Anajua pia kwamba yote mawili si kitu mbele ya shamba lenyewe. Soko la santuri linakwenda kwa sheria hiyo hiyo. Toleo jipya ni gunia la mavuno: zuri, lina mlaji, lakini msimu ujao yatavunwa mengine. Sahani ya kwanza iliyotunzwa vizuri ni gunia la njaa: bei yake inatokana na uchache. Hakimiliki ya wimbo ndiyo shamba. Mwekezaji mdogo anayechanganya vitu hivi vitatu atalipa bei ya shamba na kupewa gunia.

Hali ya soko

Si siri kwamba biashara ya santuri imefufuka. Kwa takwimu za RIAA, chama cha kampuni za muziki za Marekani, mwaka 2020 mapato ya sahani za santuri yalizidi mapato ya CD kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 80. Mwaka 2022 sahani zikaipita CD hata kwa idadi: milioni 41 dhidi ya milioni 33. Bidhaa iliyokuwa imezikwa imerudi kwenye rafu za maduka, na wanunuzi wake wengi ni vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati kiwanda cha mwisho cha mtaani kwao kilipofungwa.

Ndani ya soko hilo, muziki wa filamu ni kichochoro chenye wateja wake maalumu. Kampuni kama Intrada, La-La Land na Varèse Sarabande za Marekani huchimbua kanda za filamu za zamani, huzisafisha, kisha hutoa CD au sahani kwa idadi yenye kikomo. Nakala 3,000 ni idadi iliyozoeleka sana katika biashara hiyo. Kikomo hicho ndicho kinachowavuta walanguzi. Nakala zikiisha kiwandani bei mitaani hupanda, na aliyenunua kumi anajiona amepata.

Hata hivyo kikomo hicho si ahadi ya milele. Kampuni moja ikimaliza nakala zake, nyingine inaweza kupata ruhusa, ikatoa toleo lenye nyimbo zaidi, sauti safi zaidi na kitabu kinene zaidi. Siku hiyo toleo la kwanza, lililokuwa likiuzwa kama dhahabu, linageuka kuwa gunia la mavuno yaliyopita. Mkusanyaji wa muziki wa filamu anatafuta muziki kamili, na ukimletea uliokamilika hana sababu ya kulipia ule wenye pengo.

Mfano wa 'Hatari!'

Kwa msomaji wa Tanzania mfano ulio karibu ni filamu ya 'Hatari!'. Ilipigwa Tanganyika kati ya mwaka 1960 na 1961 chini ya mwongozaji Howard Hawks, katika maeneo ya Arusha, Momella, Manyara na Ngorongoro, nyota wake akiwa John Wayne. Ilitoka mwaka 1962, miezi michache baada ya Uhuru, ikiwa na jina la Kiswahili ambalo watazamaji wengi wa Marekani hawakujua maana yake. Muziki wake ulitungwa na Henry Mancini, na kipande kimoja kinachofuata mwendo wa ndama wa tembo, 'Baby Elephant Walk', kilimpatia tuzo ya Grammy ya upangaji wa muziki. Kuna kingine kiitwacho 'Big Band Bwana'. Ni sahani ambayo Mtanzania yeyote mwenye moyo wa ukusanyaji angependa kuwa nayo.

Je, ina thamani? Jibu linategemea ni ipi. Sahani ya RCA Victor ya 1962 ilitoka kwa namba mbili: LPM-2559 kwa sauti ya mono, na LSP-2559 kwa stirio. Mancini alikuwa katika kilele cha umaarufu wakati huo na sahani zake zilinunuliwa kwa wingi. Kwa hiyo nakala za zamani zilizobaki Marekani ni nyingi, na nyingi kati yake zimechakaa kwa kupigwa. Hili ni somo la kwanza: uzee si uchache. Kitu kinaweza kuwa na miaka 60 na bado kikajaa sokoni kama nyanya za msimu.

Somo la pili limejificha zaidi. Mancini alikuwa na desturi ya kurekodi upya muziki wake kwa ajili ya sahani, akiupanga upate kusikilizwa sebuleni. Kilichokuwa kwenye sahani ya 1962 hakikuwa kile hasa kilichosikika ndani ya jumba la sinema. Kanda halisi za filamu zilikaa bila kutolewa mpaka mwaka 2012, Intrada ilipozitoa kwa CD. Hivyo kinachoitwa 'toleo jipya la Hatari!' ni bidhaa mbili tofauti. Moja ni nakala ya sahani ya zamani. Nyingine ni muziki ambao haukuwahi kuuzwa kabla. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo atamuuzia mteja kitu ambacho hakukiomba, na mnunuzi asiyeijua atalipa bei ya kitu adimu kwa kitu cha kawaida.

Mstari wa mwaka 1962

Kuna jambo jingine ambalo walanguzi hawalitaji, nalo ndilo linaloamua ugavi. Ni sheria.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya ulinzi wa rekodi ulikuwa miaka 50. Mwaka 2011 ukaongezwa hadi miaka 70, lakini nyongeza hiyo ilizihusu tu rekodi zilizokuwa bado zinalindwa ilipoanza kutumika Novemba 2013. Rekodi zilizotoka mpaka mwisho wa mwaka 1962 zilikuwa zimekwisha kutoka mikononi mwa wenyewe, na hazikurudishwa. Kampuni yoyote ya Ulaya inaweza kuzichapa mradi imlipe mtunzi wa muziki haki yake, ambayo ni kitu tofauti na rekodi.

Matokeo yake yanaonekana dukani. Muziki wa filamu wa mwaka 1962 kurudi nyuma umejaa matoleo ya bei nafuu kutoka kampuni ambazo hazikuwahi kuimiliki kanda yenyewe, na nyingine huchapa kutoka sahani ya zamani iliyopigwa na kunakiliwa. Ugavi hauna mlango wa kuufunga. 'Hatari!' imo upande huo wa mstari. 'Born Free', filamu ya simba Elsa iliyopigwa Kenya na kumpatia John Barry tuzo mbili za Oscar, ilitoka 1966. Huko Ulaya rekodi yake bado ina mwenyewe, na bila ruhusa yake hakuna wa kuichapa.

Mwekezaji anayenunua toleo jipya la muziki wa 1961 au 1962 kwa matumaini kwamba litaadimika anafanana na mtu anayehodhi maji ya mto wakati wa masika. Akilinunua ili alisikilize, hana hasara yoyote.

Sahani za Bombay

Katika majumba ya sinema ya Tanzania na Zanzibar filamu za Hollywood hazikuwa peke yake, na kwa watazamaji wengi filamu za Kihindi ndizo zilizotawala. 'Mughal-e-Azam' ya 1960 yenye muziki wa Naushad, 'Sangam' ya 1964 ya Shankar na Jaikishan, na 'Guide' ya 1965 ya S. D. Burman ni majina ambayo wazee wengi wa pwani wanayakumbuka bila kusaidiwa. Sauti za Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi na Mukesh ziliingia majumbani, na taarabu ikaazima nyimbo zao waziwazi.

Sahani hizo zilitoka kiwanda cha Dum Dum, Calcutta, chini ya chapa ya HMV. Kampuni iliyokuwa nazo ndiyo leo inaitwa Saregama, na imerudi kuuza muziki huo kwenye santuri. Hapa mwenye shamba ndiye anayevuna mwenyewe. Anazo kanda, anazo haki, na anaweza kuchapa kila mwaka akipenda.

Kwa mkusanyaji, uchache wa sahani za Kihindi uko mahali ambapo wengi hawaangalii. India iliendelea kuchapa sahani za mzunguko 78 katika miaka ya 60, wakati Ulaya na Marekani walikuwa wamekwisha kuziacha. Sahani hizo ni za lakri, huvunjika zikianguka, na zilizosalia nzima ni chache. Ndiyo maana sahani za Beatles za mzunguko 78 zilizochapwa India katika miaka hiyo hutafutwa sana, ingawa nyimbo zenyewe zinapatikana kila mahali. Kinachotafutwa ni umbo ambalo halitachapwa tena. Toleo jipya haliwezi kuigusa bei hiyo, kwa kuwa si bidhaa ile ile.

Hesabu ya mfuko

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni woga, na kwamba wapo watu waliopata faida kwa matoleo yenye kikomo. Ni kweli wapo. Lakini faida hiyo inapatikana kwa aliye karibu na soko, na soko haliko Mikumi.

Chukua mfano wa sahani inayonunuliwa nje kwa Sh. 80,000. Usafirishaji ukiwa Sh. 40,000, inafika bandarini ikiwa na thamani ya Sh. 120,000. VAT ya asilimia 18 ni Sh. 21,600. Kabla ya ushuru wa forodha sahani imekwisha kula Sh. 141,600. Siku ya kuiuza kwa mteja wa nje, dalali akichukua asilimia 10, bei inapaswa kufika kama Sh. 157,000 ndipo mtaji urudi. Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini inaonyesha jambo: bei inabidi ikaribie maradufu ili mtu asipate kitu na asipoteze kitu. Mkusanyaji wa Ujerumani aliyenunua sahani hiyo hiyo dukani mtaani kwake ataiuza kwa Sh. 100,000 na bado atacheka.

Treni ya SGR iliyoanza kupita Kilosa mwaka 2024 imefupisha safari ya kwenda Dar es Salaam. Umbali wa soko hili, hata hivyo, haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa uaminifu. Mnunuzi wa nje anataka daraja la hali ya sahani litajwe bila kudanganya: mikwaruzo, mlio wa sindano, pembe za jalada, jina la mtu lililoandikwa kwa kalamu. Muuzaji mgeni hupewa bei ya chini mpaka aaminike.

Pia kuna utunzaji. Joto hupinda sahani, na ikiachwa ndani ya gari juani hata saa chache zinatosha. Unyevu wa masika huleta ukungu, mchwa hupenda jalada, na sahani zilizolazwa moja juu ya nyingine huharibiana. Zinatakiwa zisimame wima, mahali pakavu, mbali na dirisha. Akiba inayohitaji chumba chake ina gharama, hata kama hakuna anayetoa risiti.

Mali iliyoko nyumbani

Wakati watu wanatazama sahani za Hollywood na Bombay, mkoa wa Morogoro wenyewe ulikuwa mmoja wa vituo vikubwa vya muziki wa dansi wa miaka ya 60. Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, ambayo baadaye ilimwinua Mbaraka Mwinshehe, zilipigwa kwenye mji huo huo ambao abiria wa Kilosa na Mikumi wanaupita kila wanapokwenda Dar. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani. Nyimbo za Salum Abdallah zilitoka kwa chapa ya Mzuri ya Mombasa, na sahani za bendi za Tanzania zilichapwa Kenya.

Matoleo mapya yalipokuja, nayo yalitoka nje. Original Music ya Marekani ilitoa 'Dada Kidawa', mkusanyo wa nyimbo za Tanzania za miaka ya 60, mwaka 1995. Dizim ya Ujerumani ilitoa 'Ngoma Iko Huku' ya Salum Abdallah na Cuban Marimba mwaka 2000. Buda Musique ya Ufaransa ikafuata na mfululizo wake wa 'Zanzibara', ambao toleo lake la tatu la mwaka 2007 ni la sauti za Tanzania za miaka ya 60. Kazi hizo zinastahili shukrani, kwani bila hizo nyimbo nyingi zingebaki kwenye sahani zilizokwaruzwa. Na tofauti na muziki wa filamu, hapa toleo jipya limeisaidia sahani ya zamani: limewaambia wanunuzi wa dunia kwamba kuna kitu cha kutafuta. Sahani ndogo za mzunguko 45 za bendi hizi zilichapwa kwa ajili ya soko dogo na zikapigwa mpaka zikaisha. Hilo ndilo gunia la njaa.

Ni jambo la kusikitisha basi kwamba familia yenye sanduku la sahani kama hizo inaweza kuliuza kwa jumla, kama chuma chakavu, kwa mnunuzi wa kwanza atakayebisha hodi. Mnunuzi huyo anajua namba za chapa. Muuzaji anajua uzito wa sanduku. Katika biashara ya aina hiyo si vigumu kubashiri nani ataondoka na faida.

Shamba lenyewe, yaani hakimiliki, lina saa inayokwenda. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mtunzi analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, na kwa hesabu ya sheria hiyo muda ulikwisha 2015. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, na hesabu yake inaishia 2029. Wapo watunzi na wapiga vyombo wa kizazi hicho ambao majina yao hayakuandikwa vizuri kwenye jalada lolote, na warithi wao wanaweza kuwa wanalima vitunguu leo bila kujua kwamba wimbo wa baba yao una mwenyewe kisheria. Aliyelala usimwamshe ni methali nzuri kwa mgeni, lakini ni mbaya kwa mrithi.

Mwelekeo na ushauri

Dalili zote zinaonyesha kwamba matoleo mapya yataendelea kuongezeka. Kila kampuni yenye ghala la kanda imetambua kwamba kuna fedha humo. Kwa sababu hiyo bei ya toleo jipya la kawaida haina sababu ya kupanda, na atakayenunua kwa wingi ili ahodhi atabaki na mzigo.

Mwenye fedha za mavuno au kiinua mgongo asiziweke huko, na kamwe asikope kwa ajili hiyo. Anayependa muziki wa 'Hatari!' au 'Sangam' anunue nakala moja, aipige, afurahi, na aihesabu kama matumizi. Faida yake ni sikio, na hiyo si ndogo.

Mwenye sanduku la sahani za zamani nyumbani asiuze kabla ya kuorodhesha. Orodha iwe na jina la bendi, jina la wimbo, chapa, namba iliyo kwenye karatasi ya katikati, na hali ya sahani na jalada. Kazi hiyo inataka daftari, kalamu na jioni mbili. Bei za sahani nyingi zilizokwisha kuuzwa duniani zinaonekana kwenye orodha ya Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kijana yeyote mwenye simu pale Mikumi au Ruaha anaweza kumsomea mzee. Bei za kuangalia ni zile zilizolipwa. Bei anazotangaza muuzaji ni maombi yake tu.

Familia ya mtunzi iende Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, na ushahidi wowote ilionao: sahani, picha, mkataba, barua ya studio. Ikisubiri mpaka kampuni ya nje ije kuuliza, itakuta wengine wamejibu.

Kwa wafanyabiashara, nafasi iliyo wazi haiko kwenye kuagiza matoleo mapya. Iko kwenye kazi ya udalali wa haki: kuorodhesha, kupima hali ya sahani kwa kweli, na kumuunganisha mwenye mali na mnunuzi kwa kamisheni inayojulikana mapema. Kazi hiyo haihitaji mtaji mkubwa, haina ushuru wa forodha wa kuingiza, na bidhaa yake inazidi kuadimika kila masika yanapopita juu ya paa linalovuja.